Nilipeleka PS2 ibadilishwe lenzi, wakanifutia misimu kumi na miwili ya gemu ya besiboli, MVP Baseball 2005

Nilimwambia fundi mara mbili. Mara ya kwanza nilipomkabidhi mashine juu ya meza yake ya kioo, mara ya pili nikiwa nimeshashika mlango nitoke: memori kadi iliyo tundu la kwanza, ile inayohifadhi michezo yangu, usiiguse. Mimi nilitaka kuichomoa niondoke nayo. Yeye ndiye aliyesema niiache, eti akimaliza kubadilisha lenzi apate kupima kama mashine inahifadhi sawasawa. Akaitikia kwa kichwa, akaandika namba yangu ya simu kwenye kikaratasi. Juu ya kadi yenyewe pana kipande cha plasta, na juu ya plasta kakangu aliandika kwa kalamu ya wino mzito, zamani hizo, USIGUSE. Najua yule fundi hasomi Kiswahili. Lakini mtu akiona kitu kimebandikwa plasta na kuandikwa herufi kubwa namna ile, hahitaji kamusi.

Duka silitaji. Ni mojawapo ya yale maduka ya gemu za mitumba huku vitongoji vya Minneapolis, linalonunua kwa bei ya kutupa na kuuza kwa bei ya dhahabu, na pembeni wanatengeneza mashine kuukuu. Nikiandika haya bado sijapoa, na anayesoma ajue hivyo.

Siku ya kwenda kuichukua nililipa bila kuuliza. Nilipofika nyumbani nikaweka CD ya MVP Baseball 2005, na nitasema haki: ilisoma mara moja. Kule kukwaruza kwa zamani, kama kuku anayeparua mabati, kumekwisha. Nikaenda moja kwa moja mahali pa kufungua msimu wetu. Hapana kitu. Nikaichomoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Nikajaribu tundu la pili. Tupu. Nikazima, nikawasha, nikakaa chini sakafuni kama nilivyokuwa nikikaa utotoni, nikaitazama ile orodha isiyo na hata mstari mmoja.

Misimu kumi na miwili ya Minnesota Twins, timu ya besiboli ya huku kwetu. Kila mechi mimi na kakangu tulicheza kwa mikono yetu au tuliiacha mashine iichezeshe tukiwa tumekaa tunasubiri matokeo kama watu wa redioni. Hiyo ndiyo iliyofutwa.

Nilirudi kesho yake. Fundi hakuwapo, palikuwa na kijana wa kaunta. Nikamweleza. Akaenda nyuma, akarudi na jibu kwamba kadi "ilikuwa na hitilafu", kwa hiyo fundi aliifomati, yaani aliifuta yote, ili apime mashine. Nikasema haikuwa na hitilafu, nimeitumia mwezi uleule, na nilimkataza kuigusa. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyedondosha pipi. Akasema, "Kaka, hiyo ni gemu ya 2005. Mpya ile pale rafuni." Akanyoosha kidole. Halafu akaniambia atanipunguzia dola tano nikiichukua hiyo mpya, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Dola tano! Kilichonichoma ni kile kidole. Mpya ile pale. Angalikuwa anajua anachokisema kuhusu gemu hii, mtu anayeuza gemu kila siku ya Mungu, ulimi ungemganda. Kwa sababu mpya ya hii haipo. Haijawahi kuwapo. Hiyo ndiyo habari yote ya MVP Baseball, na ndiyo maana naandika.

Tulikuja Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, kutoka Mombasa tukiwa wavulana wawili na mama. Mama alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akitoka jioni na kurudi tukijiandaa kwenda shule. Theluji ya kwanza ilitufungia ndani. Kakangu, aliyenitangulia miaka minne, alipata PS2 kuukuu kwa mwanafunzi mwenzake, na ndani yake mlikuwa na CD moja tu. Ya besiboli. Sisi watu wa mpira wa miguu! Tulitaka kuitupa. Kwa kuitazama tu tuliuona ni raunda, ule mchezo wa wasichana wa shule ya msingi: mmoja arusha, mmoja apige, akimbie besi hadi besi arudi nyumbani. Kakangu akasema, basi ni raunda ya mishahara mikubwa. Tukaanza.

Anayeijua gemu hii anakijua kile kipimo cha kurusha. Unachagua aina ya mpira, unabonyeza na kushikilia, mstari unapanda. Unaachia juu kabisa ukitaka nguvu, mstari unarudi mbio, na lazima ubonyeze tena ndani ya kipande chembamba cha kijani. Ukikosea kidogo mpira unaenda kando. Ukikosea vibaya unakwenda katikati, polepole, umeiva, na mpigaji anautuma kwa mashabiki. Tulikuwa na kile kipimo tangu usiku wa kwanza, na nakuapia sijakutana na kitu kinachofanana zaidi na hofu ya mrushaji wa kweli. Viganja vinatoka jasho. Upande wa mpigaji nako, mpira ukichomoka mkononi mwa mrushaji unamulika rangi, na rangi inakuambia ni mpira wa aina gani, ila muda wa kuamua ni kufumba na kufumbua. Watoto wawili wasioijua hata sheria moja walijifunza kutofautisha mpira unaopinda na mpira wa kasi kwa macho, kabla hawajajua unaitwaje kwa Kiingereza.

Kiingereza chenyewe tulifundishwa na Duane Kuiper na Mike Krukow. Hao ni watangazaji wa kweli wa San Francisco Giants, na ndio sauti za gemu hii. Wanazungumza kama wazee wawili wa barazani, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Mwalimu wangu wa darasa la saba aliniuliza nimejifunza wapi kusema vile. Sikumwambia.

Twins wa wakati ule walikuwa timu ya kupendwa. Johan Santana alikuwa ametoka kushinda tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, ya 2004. Joe Mauer alikuwa kijana wa papa hapa, mzaliwa wa St. Paul. Na Torii Hunter alikuwa katikati ya uwanja. Tangu toleo la 2004 kijiti cha kulia cha pedi kilikuwezesha kujitupa au kuparamia ukuta, na Hunter alikuwa ameumbwa kwa hilo. Kakangu alikuwa akipiga kelele hadi jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Uwanja ulikuwa Metrodome, ule wa paa jeupe la kitambaa lililoshikiliwa na hewa, na upande wa kulia ukuta mrefu kama pazia la plastiki. Paa hilo liliporomoka kwa uzito wa theluji Disemba 2010. Kufikia hapo Twins walikuwa wameshahamia Target Field. Mwaka 2014 Metrodome ikabomolewa, na pale paliposimama sasa pana uwanja wa mpira wa Kimarekani. Kwa hiyo mtu akitaka kusimama tena Metrodome mimi nina njia, imo ndani ya CD hii. Niliwahi kumwonyesha mwanangu. Akaniuliza mbona dari ni jeupe kama hema la harusi.

Sasa nirudi kwenye "mpya ile pale."

Kabla ya MVP, watengenezaji wake, Electronic Arts (EA), walikuwa na mfululizo ulioitwa Triple Play, ulioanza 1995 kwenye Sega Genesis na kuishia toleo la 2002. Siwezi kuusemea sana, niliucheza kwa watu tu. Kisha wakaja upya na MVP Baseball 2003, wakaongeza 2004, wakaifikisha 2005 ikiwa na timu za ligi za chini, na pale unaweza kuwa mwenye timu kabisa, ujenge uwanja, upange bei ya soseji. Matoleo matatu. Kila moja lilizidi lililotangulia, na unaona wazi kwamba watu waliolitengeneza walikuwa na mengine kichwani.

Disemba 2004 kampuni hiyohiyo ilifunga mkataba wa peke yake na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, washindani wake wasiweze tena kutumia timu zile. Mwezi mmoja baadaye, Januari 2005, mshindani mkubwa, Take-Two, akajibu upande wa besiboli: akafunga mkataba na Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli, na chama cha wachezaji, kuanzia 2006 hadi 2012, kwamba hakuna kampuni nyingine ya gemu inayojitegemea itakayoruhusiwa. Watengenezaji wa mashine wenyewe, yaani Sony na wenzake, waliachiwa mlango. EA wakafungiwa nje. Na MVP Baseball 2005 ilitoka Februari, mwezi uliofuata. Fikiria hilo. Siku inatoka kiwandani ilikuwa imeshahukumiwa. Iliyo bora kuliko zote ikawa ya mwisho kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa kabla hata haijafika dukani.

Walijaribu kuendelea na timu za vyuo vikuu, 2006 na 2007, kisha wakaacha. Take-Two waliendelea na mfululizo wao wa besiboli, MLB 2K, hadi 2K13. Kwa watu wa kompyuta, mashabiki wenyewe walikesha wakiisasisha MVP 2005, wakabadilisha wachezaji, jezi na viwanja mwaka baada ya mwaka, bila malipo, miaka mingi baada ya kampuni kuifunga. Hao nawavulia kofia. Mimi wa PS2 nilikuwa na kadi yenye plasta.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya Jon Dowd, kwa sababu ni yeye aliyenifungua macho kuhusu karatasi hizi. Tulipokuwa tukicheza na Giants, kulikuwa na mpigaji wa kutisha aitwaye Jon Dowd. Mpira akiupiga haurudi. Mimi nilimwabudu. Nikaenda shuleni nikamsifu Jon Dowd mbele ya wavulana wa Kimarekani, nao wakaangua kicheko, kwa kuwa hakuna mtu kama huyo duniani. Alikuwa Barry Bonds, aliyepiga homurani 73, yaani mipira ya kupigwa hadi nje ya uwanja, mwaka 2001. Bonds alikuwa amejitoa katika leseni ya pamoja ya chama cha wachezaji, kwa hiyo gemu haikuweza kutumia jina lake wala sura yake. Ligi inauza alama za timu na viwanja, chama kinauza majina ya watu, na ukipata kimoja hujapata cha pili. Ndiyo maana hata ile gemu ya Nintendo ya 1994 yenye jina la Ken Griffey Jr. ilikuwa na Griffey wa kweli peke yake, waliobaki wote majina ya kubuni, kwa sababu walikuwa na ruhusa ya ligi lakini si ya chama. Nililia siku ile ya Dowd. Kakangu akanikalisha, akanieleza, akasema: "Mdogo wangu, hapa hata jina la mtu lina mwenyewe." Sijalisahau.

Usiku uleule akaingia sehemu ya kuunda wachezaji akajiunda yeye. Jina lake kamili, mrushaji, mkono wa kushoto ingawa yeye ni wa kulia, akasema wa kushoto wanakaa muda mrefu zaidi kazini. Akamweka Twins. Jina ambalo hakuna ligi wala chama kingeweza kumwondolea.

Huyo mrushaji alicheza nasi misimu kumi na miwili. Wachezaji wa gemu hii wanazeeka. Mauer alizeeka, Santana alistaafu, wakaingia vijana wasiokuwapo duniani, majina ya kutungwa na mashine. Kakangu wa kwenye gemu alianza na mpira wa kasi, kasi ikapungua, tukamfundisha kutegemea mipira ya polepole. Kakangu wa kweli akamaliza shule, akafanya kazi maghala ya hapa, kisha akarudi Mombasa kumuuguza babu na akabaki hukohuko, akaoa. Kila alipokuja kututembelea tulicheza mechi kadhaa. Si nyingi. Ndiyo sababu misimu kumi na miwili ilichukua karibu umri wote wa utu uzima wangu. Alikuwa anakuja tena mwaka huu. Lenzi niliipeleka ibadilishwe kwa ajili ya hilo.

Nikifika hapa ndipo nataka kurudi lile duka nikapige meza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kusema: usinunue gemu hii kabisa. Iko kwenye maduka ya mitumba, ni rahisi kuipata, lakini ukiipenda utakuwa umependa kitu ambacho mwenyewe amekiacha, kinachokaa juu ya kadi ya plastiki ambayo mjinga yeyote anaweza kuifuta kwa vibonyezo viwili. Nilitaka kusema hivyo. Nimeshindwa. Jana usiku nilirusha mipira mitatu tu, kipimo kikapanda, kikarudi, nikabonyeza kwenye kijani, na mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Inunue. Ukiipata inunue, na nunua kadi mbili.

Na kuhusu ile mpya ya rafuni, niseme kwa haki kwa sababu hasira isinifanye mwongo. Nilikuwa nayo tayari. The Show, iliyoanza 2006 na studio ya Sony ya San Diego, ile iliyoachiwa mlango. Miaka mingi ilikaa kwa PlayStation peke yake, mwaka 2021 ikaingia Xbox pia. Ni gemu nzuri sana. Toleo la 2023 lina sehemu ya ligi za Weusi, za enzi zile ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza na wazungu, na anayesimulia ni Bob Kendrick, rais wa jumba la makumbusho la ligi hizo lililoko Kansas City. Unacheza kama wachezaji wa ligi hizo, kama Satchel Paige, kama Buck O'Neil. Kendrick anasimulia kama mzee anayekumegea mkate. Nilicheza na mwanangu usiku kucha, na palikuwa na mahali nilitoka sebuleni kwa kisingizio cha maji. Kwa hiyo hapana, sisemi mpya ni mbaya. Huenda ni bora. Nikizihesabu kwa kalamu, ni bora karibu kila kitu.

Lakini kakangu hayumo.

Yule kijana wa kaunta hakujua, nakubali. Fundi huenda kweli aliona kadi ina hitilafu. Kadi hizi zimechakaa. Nimejaribu kumtetea kichwani siku kadhaa. Na kila nikikaribia kumsamehe naikumbuka ile karatasi aliyoandika namba yangu ya simu. Alikuwa na namba yangu! Ungenipigia. "Kadi yako ina hitilafu, niifute?" Sekunde kumi. Ningekuja mbio na theluji ikiwa magotini. Kutopiga simu, hilo silisamehi, na ule mkono wa kunyoosha kidole rafuni silisamehi mara mbili. Kazi ya lenzi nawapa alama zote. Mengine yote hayana alama ya kuwapa.

Nilimpigia kakangu Jumapili. Kwake ilikuwa usiku, nilisikia feni na mtoto analia. Nikamwambia polepole, nikijua nitasikia ukimya. Ukimya ulikuwapo. Kisha akasema, "Mkono wake ulikuwa umechoka yule. Ulikuwa humwoni? Alikuwa anaachia homurani mbili kila mechi." Nikasema nilikuwa namwona. Akasema, "Basi. Umeshamuunda tena?"

Nikasema bado.

"Muunde. Wa kushoto vilevile. Usimpandishe juu haraka, mwache Rochester kwanza."

Rochester ndiko ilikokuwa timu ya Twins ya ligi ya chini wakati ule, na gemu inayo. Nikamuunda usiku uleule, umri wa miaka kumi na tisa, mpira wa kasi na mmoja unaopinda, hajui kitu kingine. Mechi yake ya kwanza alirusha iningi tano, yaani vipindi vitano vya mchezo, akaachia mikimbio minne, na mara mbili nilibonyeza nje ya kijani kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Mwanangu alikuwa amekaa kando yangu anauliza huyu ni baba mkubwa wa Mombasa au mwingine. Nikamwambia ni huyohuyo.

Plasta ya zamani sikuibandua. Nimeongeza ya pili juu yake, kwa Kiingereza. Na kadi haitoki tena ndani ya nyumba hii.